Umeme Congo: Kwa nini koleo na ngazi havitamtosha tena fundi

Mama anayeuza samaki wa friza kwenye kartie fulani ya Goma analipa umeme kwa simu. Ujumbe unaingia, ndani yake tarakimu 20. Anaziingiza moja moja kwenye kontere, anabonyeza, anangoja. Kontere inakataa. Anaanza tena polepole, mtoto akimsomea namba kwa sauti. Inakataa tena. Barafu inaanza kuyeyuka. Anamwita ajenti wa kampuni: « Papa fundi, nimelipa, lakini kontere haitaki. »

Fundi anakuja na ngazi, koleo na kipimo cha volti. Waya ni mzima. Kabine ya kartie inafanya kazi. Hakuna kilichoungua. Shida iko ndani ya zile namba, na kwa namba hizo ngazi haimsaidii kitu.

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Butembo au Lubumbashi wanaijua hali kama hiyo. Inaonyesha vilevile jambo ambalo makampuni ya umeme duniani kote yanashughulika nalo sasa: kazi ya umeme imebadilika kabla ya wafanyakazi kufundishwa. Kontere inaongea na kompyuta, jua linapimwa na programu, kituo cha umeme kinaongozwa kutoka mbali. Anayeshika waya anapaswa sasa kushika pia takwimu, ramani na neno la siri.

Siku ambayo kontere zilijaa

Mfano mzuri wa mabadiliko haya ni tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo kontere za malipo ya kabla, zile ambazo watu wengi wanaziita kashpawa, zilifika kwenye ukingo ambao wateja wengi hawakuwahi kuusikia.

Kontere nyingi za aina hiyo duniani zinatumia kanuni moja inayoitwa STS. Kila namba ya tarakimu 20 anayonunua mteja imefungwa kwa ufunguo wa siri unaofaa kontere moja tu. Ndiyo maana namba yako haiwezi kufanya kazi kwa jirani. Ndani ya namba hiyo mna kiasi cha umeme kilicholipiwa, na mna pia alama ya saa iliyotengenezwa. Kontere inaikumbuka alama hiyo, kusudi mtu asiingize namba moja mara mbili.

Alama ya saa inahesabiwa kwa dakika, tangu tarehe 1 Januari 1993. Walioibuni waliipa nafasi ya kuhesabu dakika milioni 16 na zaidi kidogo, halafu basi. Ukizigawanya dakika hizo unapata karibu miaka 32. Hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kontere ambayo haikubadilishiwa ufunguo kabla ya siku hiyo haikuweza tena kupokea namba mpya.

Dawa yenyewe haikuwa ngumu. Kwa kontere nyingi, mteja alipewa namba mbili za nyongeza, kila moja ya tarakimu 20, za kuingizwa kwa kufuatana kabla ya namba ya umeme. Lakini kila neno hapo lilihitaji mtu wa kulieleza. Namba ya umeme iliyonunuliwa zamani na kuwekwa kando haifanyi kazi tena baada ya ufunguo kubadilika. Umeme uliokuwa umekwisha kuingia ndani ya kontere haupotei, hata kama uvumi wa kartie unasema unapotea. Na kontere fulani za zamani sana hazikubali kabisa, zinapaswa kung'olewa na kuwekwa nyingine.

Kwa hiyo ajenti aliyefika mlangoni alihitaji kujua mambo manne: kutambua aina ya kontere, kusoma alama ya kosa kwenye kioo chake, kutafuta namba ya kontere ndani ya orodha ya kampuni, na kumweleza mteja kwa lugha anayoisikia. Katika hayo manne hakuna hata moja linalohitaji koleo. Baada ya kubadilishwa, kontere hizo zinahesabu tangu mwaka wa 2014, na zitajaa tena 2045. Kijana wa miaka 20 anayeajiriwa leo atakuwa bado kazini siku hiyo.

Umeme unapotelea wapi?

Ujuzi wa pili ni ramani. Katika miji yetu, mafundi wa zamani wanajua kwa kichwa nyumba gani inapata umeme kutoka kabine gani. Fundi akienda pensheni, akihama au akifariki, ramani hiyo inakwenda naye.

Leo simu ya kawaida yenye GPS inaweza kuandika mahali nguzo iko, picha yake, hali yake, na kontere zinazoitegemea. Kila nguzo ikipata namba, kartie nzima inaonekana kwenye kioo. Faida yake inajulikana siku ya hatari. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilifunika nyumba, barabara na njia za umeme kaskazini mwa Goma. Katika hali ya namna hiyo, kampuni yenye ramani iliyohifadhiwa mbali na mji inajua nguzo zipi zimepotea na wateja gani wamekatika. Isiyo nayo inaanza kuuliza watu barabarani.

Ramani inafungua pia mlango wa hesabu. Tuseme kontere kubwa ya kabine inaonyesha kwamba umeme wa kilowati-saa 10 000 umeingia katika kartie kwa mwezi mmoja. Kontere za nyumba zote zikijumlishwa zinaonyesha 7 000. Hizo 3 000 zimekwenda wapi? Sehemu imepotea kuwa joto ndani ya waya mrefu au mwembamba. Sehemu imechukuliwa na watu waliojiunganisha kwa siri. Sehemu nyingine labda ni ya kontere zilizoharibika, au za nyumba zilizoandikwa kwenye kabine isiyo yake.

Bila ramani, kampuni haiwezi kutofautisha. Inaweza kumshitaki mteja mwema kwa wizi, au kununua transfo mpya wakati ambapo kosa lilikuwa kwenye orodha. Kupanga safu za namba kwenye kompyuta, kuzijumlisha, kulinganisha mwezi na mwezi na kuona namba iliyo ya ajabu, hiyo ndiyo kazi mpya. Haihitaji shahada kubwa. Inahitaji mtu aliyezoea takwimu na anayekijua kiwanja, ni kusema yule yule fundi, akifundishwa.

Jua, betri na kituo kinachoongea

Mashariki mwa Congo si mahali pageni kwa mambo haya. Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilimaliza haki ya SNEL ya kuwa peke yake, ikawafungulia mlango makampuni ya binafsi. Tangu hapo Kivu Kaskazini imekuwa sawa na shamba la majaribio. Kituo cha maji cha Matebe, katika Rutshuru, kilifunguliwa Desemba 2015 kikiwa na nguvu ya zaidi ya megawati 13. Kampuni ya Nuru ilianza na mtandao mdogo wa jua huko Beni mwaka wa 2017, kisha ikafungua ule wa Goma wa megawati 1,3 mwaka wa 2020.

Mtandao wa jua haufanani na kituo cha maji cha zamani. Wakati wa mchana paneli zinalisha nyumba na kujaza betri. Wingu likipita, nguvu inashuka ndani ya sekunde chache. Jioni jua linazama saa ile ile watu wanawasha taa na televisheni. Programu ndiyo inaamua lini betri itoe, lini jenereta ya mazuti isaidie, na lini mteja mkubwa aombwe kupunguza. Fundi wa mtandao kama huo anasoma mistari ya rangi kwenye kioo: betri ina asilimia ngapi, joto lake ni kiasi gani, paneli za safu ya tatu mbona zinatoa chini ya zile za safu ya pili. Labda ni vumbi. Labda ni kivuli cha mti uliokua. Labda ni waya uliolegea. Kioo kinamwambia mahali pa kwenda, lakini jibu linabaki juu ya bati.

Hata vituo vya maji vinabadilika. Vipima vidogo vinawekwa kwenye mashini ili kujua joto, mtikisiko na kiasi cha maji, na mtu aliye katika chumba cha uongozi anaweza kufungua au kufunga njia ya umeme iliyo mbali sana. Anayekaa hapo anapaswa kuchagua kati ya alama hamsini zinazowaka pamoja: ipi ndiyo chanzo, na zipi ni matokeo tu?

Lakini kompyuta haina mikono. Kituo cha Ruzizi I, kwenye mto unaotoka ziwa Kivu karibu na Bukavu, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Moja ya mateso yake ya leo ni chupa na takataka za plastiki ambazo mvua inazisukuma kutoka mjini hadi ziwani, na ziwa kuzileta kwenye mlango wa maji. Kipima kizuri kitamjulisha fundi kwamba maji yanapita vibaya. Kuzitoa takataka kunadai watu wa kuzama na kuvuta. Na kuzizuia kunadai mji unaokusanya takataka zake. Anayeuza vifaa vya kisasa bila kusema hivyo hasemi yote.

Mwizi asiyepanda nguzo

Tarehe 23 Desemba 2015, katika Ukraine, wafanyakazi wa kampuni ya umeme waliona alama ya kipanya ikitembea yenyewe kwenye vioo vya kompyuta zao. Mtu wa mbali alikuwa anafungua swichi za vituo moja baada ya nyingine, na wao hawakuweza kumzuia. Makampuni matatu yalipigwa siku hiyo. Wateja karibu 225 000 walibaki gizani kwa saa kadhaa, katikati ya baridi.

Wavamizi walikuwa wameingia miezi mingi mbele. Mlango wao ulikuwa barua-pepe za uongo, zenye faili iliyoonekana kama karatasi ya kawaida ya kazi. Mfanyakazi mmoja akafungua, na nyumba nzima ikawa wazi.

Afrika nayo imeonja. Julai 2019, kampuni ya umeme ya mji wa Johannesburg, City Power, ilishambuliwa na virusi vilivyofunga orodha zake na kudai fidia. Wateja wa malipo ya kabla walishindwa kununua umeme. Nyaya zilikuwa nzima na vituo vilikuwa vinazunguka. Kilichokatika ni mlango wa duka.

Kwa miji yetu, ambamo watu wengi wananunua umeme wa siku mbili tatu kwa kadiri ya franka walizopata, pigo kama hilo lingefika haraka kwenye frigo ya dawa ya kituo cha afya, kinu cha unga na pampu ya maji. Ndiyo maana ujuzi wa kwanza wa usalama unapaswa kufika kwa kila mtu, tangu mkurugenzi hadi mlinzi wa lango. Neno la siri halikai kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kioo. Halitumwi kwenye kikundi cha WhatsApp. Ufunguo wa USB uliookotwa hauchomekwi kwenye kompyuta ya kituo « ili kuona kuna nini ». Ajenti aliyeacha kazi anafungiwa njia siku ile ile. Na ujumbe wowote unaoharakisha mtu, « fungua sasa hivi ao akaunti yako inafungwa », unachunguzwa kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo wateja hawalifikiri sana. Kontere inayotuma habari kila saa inajua lini familia inalala, lini inaamka, na wiki gani nyumba ilikuwa tupu. Katika eneo ambamo watu wamezoea vitisho na wizi wa usiku, habari hiyo ni ya hatari ikianguka mikononi mwa mtu mbaya. Congo ina Kanuni ya kidijitali tangu Machi 2023, ambayo inagusa pia ulinzi wa habari za watu binafsi. Lakini sheria iliyo Kinshasa hailindi kitu ikiwa ajenti wa Goma ao Bukavu anapiga picha orodha ya wateja na kuituma kwa rafiki. Kutunza siri ya mteja sasa ni sehemu ya kazi ya umeme, sawa na kuvaa glavu.

Moto ukikatika na intaneti nayo

Kule Ukraine umeme ulirudi kwa sababu wafanyakazi walipanda magari, wakaenda kwenye vituo na kufunga swichi kwa mkono. Walikuwa hawajasahau kazi ya zamani. Kwa miezi iliyofuata vituo vingine viliendelea kuongozwa kwa mkono, kwa sababu vifaa vya mawasiliano vilikuwa vimeharibiwa na wavamizi.

Funzo hilo linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Mapigano ya Januari 2025 kandokando ya Goma yalikata njia za umeme, na mji ukabaki bila moto na bila maji ya kutosha. Katika siku za namna hiyo intaneti inakwenda pia. Programu ya kazini isiyoweza kuhifadhi habari ndani ya simu hadi mtandao urudi, haifai kwa Kivu. Na fundi anayejua kubonyeza kioo tu, bila kujua kufunga kabine kwa usalama na kuhakikisha kwamba waya hauna umeme kabla ya kuugusa, anaweza kufa ao kuua mwenzake.

Ndiyo maana makampuni yasiyotaka kujidanganya hayawafukuzi wazee ili kuchukua vijana wa kompyuta. Yanawaweka wawili wawili. Kijana anamwonyesha mzee namna ya kuandika nguzo kwenye ramani. Mzee anamwonyesha kijana sauti ya transfo inayokaribia kuungua. Kila mmoja anaondoka na kitu.

Nani atafundisha, na kwa lugha gani?

Woga wa kupoteza kazi ni wa kweli. Ajenti aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kusoma kontere na kugawa fakture anaona kwamba kontere mpya inajisoma yenyewe. Akiachwa bila mafunzo, ana haki ya kuiogopa. Lakini hakuna anayezijua parsele, malango na watu wa kartie kama yeye. Akifundishwa, ndiye anayefaa kuwa mtu wa ramani, wa kutafuta umeme unaopotea, na wa kuwaeleza wateja.

Na kazi itakuwako. Leo ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano wa Congo anayepata umeme. Katika mkutano wa Dar es Salaam wa Januari 2025, inchi 12 za Afrika, Congo ikiwa mojawapo, ziliahidi kuharakisha kuwafikishia raia wao umeme kabla ya 2030. Ahadi hiyo inadai nguzo nyingi na kontere nyingi, lakini inadai kwanza mikono na akili za kuziweka, kuzifuata na kuzitengeneza.

Shule ziko. INPP, chuo cha serikali cha kutayarisha wafanyakazi kilichoundwa mwaka wa 1964, kina matawi katika miji mingi ya inchi, na kuna vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vinavyofundisha umeme. Kinachokosekana mara nyingi ni vifaa vya kujifunzia. Mwanafunzi anachora transfo kwenye daftari vizuri sana, lakini hajawahi kufungua kontere ya kisasa, wala kuona kioo cha kituo cha jua. Kampuni inayolalamika kwamba vijana hawajui kazi ingeweza kuanza kwa kupeleka shuleni kontere 10 zilizokufa, zifunguliwe na kuchunguzwa.

Lugha nayo ni kizuizi. Vitabu vya mashini vinakuja kwa Kiingereza, kwa Kichina, mara chache kwa Kifaransa. Mafunzo ya siku tatu ndani ya hoteli, kwa lugha ambayo nusu ya watu hawaisikii vizuri, yanaacha cheti ukutani tu. Karatasi moja ya Kiswahili yenye picha, inayoeleza kila alama ya kosa kwenye kontere na la kufanya, ingemsaidia ajenti zaidi. Na wasichana, ambao wengi hawakupewa nafasi ya kupanda nguzo, wana mlango mpana kwenye ramani, takwimu na vyumba vya uongozi, mradi wasiachwe tena kwenye meza ya kupokea wageni.

Mteja naye ana la kufanya. Ajenti akija mlangoni, mteja anaweza kumwomba kadi yake ya kazi, kumwuliza anaandika nini ndani ya simu yake na kwa ajili gani. Anaweza kuandika namba ya kontere yake mahali pazuri, na kukataa kumpa mtu yeyote namba ya siri ya akaunti ya pesa, hata akijiita fundi. Fundi wa kweli haihitaji.

Anachohitaji fundi huyo, siku ile mama wa samaki atakapomwita tena, ni kuangalia kioo cha kontere, kusoma alama ya kosa, na kumwambia pale pale: « Mama, waya wako ni mzima. Tuingize kwanza hii namba, kisha hii. » Kisha angoje pamoja naye mpaka friza ianze kulia.